Niacheni Nikate Samaki

Samaki wangu wa kwanza, yaani kito nilichokikata kwa umbo la samaki, ana urefu wa milimita 20 na upana wa milimita 8. Nilimtoa kwenye kipande cha sitrini, ile kwatzi ya rangi ya asali, kilichokuwa chembamba na kirefu kama kidole cha mtoto. Nilipompeleka kwa dalali mmoja hapa Arusha, alimgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu, kisha akanirudishia. "Dada, kazi nzuri. Lakini samaki nitamuuzia nani? Niletee umbo la yai, milimita saba kwa tano, hata ukileta mia nitachukua yote."

Simlaumu. Sonara ana pete ambazo vikalio vyake, pale jiwe linapokaa, vimeshatengenezwa kwa vipimo vinavyojulikana: sita kwa nne, saba kwa tano, nane kwa sita. Jiwe la kipimo hicho linakaa siku hiyohiyo, na pesa inaonekana siku hiyohiyo. Samaki hana kikalio kinachomsubiri dukani; pete lazima ijengwe kumfuata yeye, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Ninachokikataa ni kauli inayofuata, ambayo nimeisikia mpaka nimeichoka: kwamba samaki, nyota, kibanda na tanga la jahazi ni michezo ya kupotezea mawe, na fundi wa kweli hukata duara, yai na mraba, basi. Kwangu mimi ni kinyume chake. Hakuna kilichonifundisha kunakshi vito kama huyo samaki.

Anayekata duara anafuata hesabu ambazo wengine walishazimaliza. Pembe imeandikwa, jino la gia linaloamua jiwe lizungushwe kiasi gani limeandikwa, kazi yako ni kuzungusha na kusaga. Kwatzi hurudisha mwanga iwapo nyuso zake za chini zimeinama kwa zaidi ya nyuzi 41 hivi. Ukishuka chini ya hapo mwanga unapita moja kwa moja, na katikati ya jiwe panabaki uwazi kama dirisha. Ukiliweka juu ya gazeti unasoma maandishi. Kwa hiyo unakata nyuzi 43, na baada ya mawe kumi umeshasahau kwa nini. Samaki hakuachii usahau.

Piga hesabu nami. Nusu ya upana wake ni milimita 4, na kwa nyuzi 43 kina cha tumbo kinafika milimita 3.7. Sasa simama puani mwa samaki. Kutoka hapo hadi katikati ni milimita 10. Ukiteremka mteremko mmoja hadi kwenye kina hichohicho, unapata nyuzi 20 tu. Kichwa na mkia vinakuwa dirisha tupu, na kinachong'aa ni ubavu peke yake. Nilihangaika na jambo hili wiki nzima, nikichora na kufuta kwenye Gem Cut Studio, programu inayokuonyesha mwanga utakavyorudi kabla hujaligusa jiwe. Kumbe jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Nimekulia Pangani, nimeona majahazi yakilala ubavu ufukweni maji yakitoka. Jahazi halina ncha moja chini. Lina mkuku. Nami nikampa samaki mkuku: mstari mmoja ulionyooka chini ya mwili, mbavu mbili zikiushukia kwa nyuzi 43, na nyuso za puani na mkiani zikishuka kwa mwinamo huohuo, kila moja ikiukuta mkuku pale unapoishia badala ya kulazimishwa kufika katikati. Dirisha likafungika.

Kisha pakaja mkia. Sahani ya kusagia ni bapa, na kitu bapa hakiingii kwenye kona iliyobonyea ndani. Hata umbo la moyo, ambalo leo lipo kila duka la sonara, lina ule mkato wa juu ambao sahani haiufikii. Nilifungua kona mbili za mkia kwa ukingo wa msumeno mwembamba wa almasi, nikazing'arisha kwa kijiti cha mbao kilichopakwa unga wa almasi, nikisugua kwa mkono jioni mbili mfululizo. Kila kona haizidi milimita 2.

Lakini jicho ndilo lililonishika. Nilikusudia kuacha uso mmoja mdogo upande wa chini bila kuung'arisha, ubaki na ukungu mweupe, ili kutoka juu uonekane kama jicho. Nikauweka karibu na mkuku. Nilipoligeuza jiwe, samaki alikuwa na macho manane. Kila uso wa chini ni kioo, na doa lililo karibu na mahali nyuso zinapokutana huakisiwa na kila kioo kinachotazamana nalo. Nilikaa nikimtazama hadi chai ikapoa. Kwenye samaki wa pili niliacha vidoa vitatu vya ukungu kwa makusudi, mahali nilipopima, navyo vikajirudia mwili mzima kama magamba. Jicho nikalihamishia upande wa juu, kitobo kidogo tu karibu na kichwa. Ukimwinamisha, magamba yanahama. Sijaona mtu aliyemshika samaki huyo akamrudisha bila kumgeuza tena.

Wapo walioiona njia hii zamani. Bernd Munsteiner wa Idar-Oberstein, Ujerumani, alianza tangu miaka ya 1960 kukata mawe yasiyofuata duara wala mraba, akichonga mifereji upande wa nyuma ili mwanga uchore picha ndani ya jiwe. Akwamarini yake, kito cha rangi ya bluu ya bahari, iitwayo Dom Pedro, iliyotoka Brazil, ina urefu wa sentimita 35 na karati 10,363, zaidi ya kilo mbili, na iko kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kinachonigusa zaidi ni mji wenyewe. Idar-Oberstein ilianza kwa akiki ya vilima vyake. Akiki hiyo ilipopungua, katika karne ya 19, mafundi wakaanza kuletewa mawe kutoka Brazil, wakaendelea kukata. Mawe yaliisha, ufundi ukabaki.

Sisi hali yetu ni nyingine. Tanzanaiti inachimbwa sehemu moja tu duniani, Mirerani, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa nilipo, lakini kwa miaka mingi nyingi yake imekuwa ikikatiwa Jaipur, India. Tuna Kituo cha Jemolojia Tanzania hapahapa Arusha, ambako vijana, wakiwemo wanawake wengi, wanafundishwa kukata na kunakshi, na wanatoka wakiwa mafundi hasa. Ila tukiishia kwenye saba kwa tano, tunashindana na Jaipur kwa kitu kimoja: nani ana mikono ya bei nafuu. Shindano hilo silitaki, wala simtakii binti anayeanza leo. Samaki mwenye magamba yanayohama hawezi kulinganishwa na jedwali la vipimo. Anayemtaka atamtafuta aliyemkata.

Na hoja ya kupoteza jiwe? Duara la kawaida hula zaidi ya nusu ya jiwe ghafi, na hakuna anayelaumu. Kile kidole cha sitrini kingenipa vijiyai viwili vidogo, kilichobaki kikawa unga kwenye maji ya mashine. Umbo likilifuata jiwe, jiwe halipungui sana.

Sisemi mtu aanzie kwenye tanzanaiti. Ina upande mmoja inakopasukia kirahisi mno, na kona ya mkia ni mahali hasa ambapo ufa ungependa kuanzia. Tena rangi yake hubadilika kulingana na upande unaoitazama, huku bluu, kule zambarau, kwa hiyo umbo lolote lazima liitii rangi kwanza. Amethisti, sitrini na rodolaiti zinatosha kucheza nazo miaka mingi.

Mezani sasa nina rodolaiti ya Umba, mkoani Tanga, nyekundu yenye uzambarau wa mbali. Ni bapa, ya pembe tatu, ukingo mmoja umejikunja. Madalali wawili waliiacha kwa sababu ni nyembamba. Lakini rodolaiti hupinda mwanga zaidi kuliko kwatzi. Kwake nyuzi 38 zinatosha, na wembamba huo unatosha pia. Jiwe la Tanga, umbo la tanga. Nimeshalibandika kwenye kijiti, gundi inakauka. Kesho asubuhi naanza na ule ukingo uliojaa upepo.