Matondoni Imezama

Kabla hujanicheka, elewa kwamba jina la ile meli nililichagua kwa heshima. Matondoni, kijiji cha huku kwetu Lamu, ndiko mashua na majahazi yetu yanakoundwa tangu enzi za mababu. Sasa mtu ukijaliwa kuunda manowari yako ya kwanza yenye maana, utaiita nini? Mandazi?

Gemu lenyewe linaitwa Rule the Waves 3, lilitoka mwaka 2023. Unakabidhiwa jeshi la majini la nchi moja kuanzia mwaka 1890, na ukiwa mstahimilivu unafika mpaka 1970. Kazi yako ni kuchora manowari, kuililia serikali ikupe pesa, kuzijenga, kisha kuzipeleka baharini zikapigwe. Picha za kuvutia usizitafute. Ukilifungua utadhani umeingia ofisi ya karani wa kaunti: majedwali, vitufe vya kijivu, namba juu ya namba. Binamu yangu alichungulia siku moja akauliza kama nimepata kazi ya uhasibu. Mama akasikia kutoka jikoni, akaswali rakaa mbili za shukrani. Sikumsahihisha.

Laptopu yangu ni kikongwe, feni yake inanguruma kama mashine ya kukamua miwa. Gemu zenye picha nzuri zinaizima kabla sijabonyeza kitu. Hili linakwenda bila kulalamika, na hapo ndipo tulipopendana. Kisha kuna kile kidirisha cha kuchora meli. Jamani! Unaanza na uzito, tuseme tani 19,000. Kila unachokitaka kina tani zake: mizinga tani, injini tani, deraya (chuma cha kukinga makombora) ya ubavuni tani, deraya ya minara tani. Ukizidisha, kompyuta inakwambia bila haya kwamba chombo chako ni kizito mno, hakijengeki. Unarudi unapunguza. Unawabana mabaharia vyumbani walale kama dagaa kwenye kopo, unashusha ubavu wa meli karibu na maji, unapunguza makaa isifike mbali. Ni shuka fupi: ukijifunika kichwa, miguu nje. Niliwahi kukaa na mchoro mmoja kuanzia magharibi mpaka nikasikia adhana ya alfajiri, natafuta tani 60 za kupunguza.

Nchi niliyoichukua ni Austria-Hungary. Bahari yake kijipande, bajeti yake ya kuombaomba, majirani wote wanaidai. Nikaona tunafanana.

Matondoni ilitoka na mizinga 8 ya inchi 12, mbio maili 27 za baharini kwa saa. Deraya nilisema tutaona mbele kwa mbele. Gemu hili linakwenda mwezi baada ya mwezi, na meli kubwa inakula zaidi ya miaka miwili kujengwa, kwa hivyo uchungu wa kuisubiri ni uchungu kweli. Nilipoishusha majini nilijinunulia viazi vya karai vya kujipongeza. Pembeni yake nikapanga kina Shela, Kipungani, Siyu na Faza, na zile ndogondogo za topido nikazipa majina ya punda ninaowafahamu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ilikuwa wiki ya harusi mtaani kwetu Langoni. Mama mdogo, dada yake mama, anaishi Matondoni, na alitazamiwa kuja Alhamisi jioni kwa mashua pamoja na akina mama wenzake na masufuria yao. Isha ikapita hawajafika. Ami akasema ni maji tu, yamepwa, watakuja asubuhi. Mama akasema inshallah, akaenda kulala lakini jicho moja akaliacha kazini.

Mimi niko juu chumbani, dirisha wazi kwa joto, hedifoni masikioni. Mwaka ni 1911, tuko vitani na Italia. Na hapa niseme kasoro inayoniudhi kuliko zote: vita hupangi wewe. Una meli kubwa sita bandarini zimepigwa rangi zinang'aa, lakini kompyuta inakuchagulia moja, inakupa vimeli vitatu vya kusindikiza, inakutupa gizani mbele ya kundi zima la adui, halafu inakuuliza kama unakubali. Ukikataa, unapoteza pointi na unaonekana mwoga. Ukikubali, ndiyo umekubali. Hata vile vimeli vya kusindikiza havina adabu. Nilivituma mashariki vikarushe topido, vikaenda kusini kama mbuzi waliosikia ganda la ndizi limeanguka.

Nikakubali. Kwa nusu saa mambo yalikuwa mazuri. Kwenye skrini unaona vimeli vyembamba tu juu ya bahari ya kijivu, kama punje za mchele zinazokimbizana sinia tupu, na mistari ya habari inapita: umepigwa huku, umepiga kule. Sijui nieleze vipi, lakini moyo unadunda. Kisha ukaja mstari mmoja. Kombora limetoboa mnara, moto umeshuka ghala ya baruti, meli imelipuka.

Na si uongo wa gemu. Mei 31, 1916, kwenye vita vya Jutland dhidi ya Wajerumani, Waingereza walipoteza kruza zao tatu za vita, manowari kubwa zenye mbio na deraya nyembamba, kwa milipuko ya namna hiyo: Indefatigable, Queen Mary na Invincible, kila moja na watu zaidi ya elfu moja. Haya nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa nayajua kama ninavyoijua njia ya kwenda forodhani. Na deraya nilikuwa nimeipunguza vilevile.

Mtu mwenye hedifoni hajui sauti yake. Mashahidi baadaye waliniambia kwamba nilisimama, nikashika kichwa, nikapiga kelele iliyofika mpaka msikiti wa pili: "Matondoni imezama! Yote! Watu mia saba!"

Mimi nikakaa, nikaendelea na vita. Bado vile vimeli vitatu vilikuwa kusini huko na vilihitaji uongozi.

Kama dakika arobaini hivi baadaye nikavua hedifoni niende chooni. Nikasikia vilio. Nikashuka: nyumba wazi, taa zote zinawaka, uchochoro umejaa majirani, wanawake wamejifunika leso, mama amekaa barazani anapepewa kwa kipepeo cha mkaa.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Matondoni imezama," jirani akanijibu akifuta machozi.

Wallahi, jambo la kwanza lililonijia ni hili: wamejuaje?

"Naam," nikasema kwa huzuni, maana nilikuwa na huzuni kweli. "Saa nane kasoro. Nimeiona kwa macho yangu."

Kilio kikapanda. Mzee mmoja akanishika mkono. "Walionusurika?"

"Kumi na wawili."

"Inna lillahi. Ilikuwaje, mwanangu?"

"Ilipigwa, mzee. Ililipuka."

"Nani aliipiga?"

"Waitaliano."

Uchochoro mzima ukanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza. Yule mzee akaachia mkono wangu polepole, akanitazama kama anayepima samaki kama ameoza.

"Waitaliano hawa wa Malindi? Wa pizza?"

Sitaeleza dakika tano zilizofuata. Leso zilitumika, na kile kipepeo cha mkaa nacho kikapata kazi mpya. Nilichokumbuka kuuliza katikati ya vipigo ni kwa nini simwoni ami. Ndipo nikaambiwa kwamba ami, Mungu amzidishie umri, aliposikia tu Matondoni imezama aliruka na kikoi chake, akachukua vijana wanne, tochi mbili na kamba, akawasha mashine ya mashua na kuelekea kule kuokoa watu. Simu aliiacha kwenye mto wa kitanda.

Na kweli maji yalikuwa yakipwa, kama alivyosema mwenyewe jioni.

Njia ya maji ya kwenda Matondoni inapita katikati ya mikoko, na maji yakikimbia huwa hayaagi. Ami alipanda tope kabla hata hajafika nusu. Wakashuka kusukuma, tope likawafika magotini, likawa linawavuta viatu mguu kwa mguu. Wakakaa humo na mbu mpaka saa moja na nusu asubuhi, wakipaza sauti kila baada ya muda kuwaita waliozama. Maji yalipoanza kujaa, walitokea watu kwa mashua wakiimba, na masufuria yao. Mama mdogo alikuwa mbele.

"Mwatafuta nini huku?" akawauliza.

"Twawatafuta nyinyi," ami akasema.

Baada ya swala ya Ijumaa niliitwa barazani. Wazee saba, birika la kahawa tungu, na ami katikati, miguu bado ina mstari wa tope chini ya magoti, makusudi, ili nione. Nikaambiwa nilete hiyo kompyuta.

"Ndoo hapa," ami akasema. "Eleza. Hiyo nti yako ya hao wenye meli, iko wapi?"

"Austria-Hungary? Haipo tena, ami. Ilikwisha mwaka 1918."

"Na meli?"

"Haikuwahi kuwapo."

Akawageukia wenzake. "Mwasikia? Mwana huyu alilia meli isiyokuwapo, ya nti isiyokuwapo, mimi nikaliwa na mbu waliopo."

Lakini ukiwawekea mabaharia wazee mchoro wa chombo, hata kama wamekasirika, hawawezi kujizuia kuusogelea. Mmoja akavaa miwani. Akauliza farumi, ule uzito wa chini wa kutuliza chombo, inawekwa wapi. Nikamwambia gemu linahesabu uzito wote kwa jumla, wewe hupangi mawe ya chini. Akatikisa kichwa. Mwingine akauliza kama hesabu ya uzito inatokea kabla chombo hakijashuka majini au baada. Kabla, nikasema. Akasema hilo ni zuri sana, kuna mafundi anaowajua wangefaa kununuliwa gemu hilo. Nikaona upenyo, nikawasimulia habari ya Vasa, ile manowari ya mfalme wa Sweden, mwaka 1628. Ilijazwa mizinga juu, farumi haikutosha, na kabla ya safari walijaribu kuipima kwa kuwakimbiza watu thelathini deki huku na huku. Ikayumba vibaya mno wakasimamisha jaribio, kisha wakaondoka nayo vilevile. Haikufika hata maili moja, upepo mdogo tu ukailaza.

"Walikimbiza watu, wakaona yayumba, wakaondoka?" akauliza mwenye miwani.

"Ndiyo."

"Nahodha alikuwa wa ukoo wako."

Kisha akazungumza mzee ambaye ujanani alikuwa akipakia boriti Rufiji. Alikuwa kimya muda wote. Akasema habari ya manowari za kweli anaijua yeye, maana huko delta waliwahi kumwonyesha mahali ilipokwishia ile Königsberg ya Mjerumani. Mwezi Septemba 1914 iliivamia Pegasus ya Mwingereza pale Unguja ikaizamisha, kisha ikajificha ndani ya Rufiji, na manowari kubwa za Kiingereza zikabaki nje zinazunguka, maana kina hakikuziruhusu. Ikabidi waletewe vyombo viwili vya tumbo bapa, Severn na Mersey, vinavyoelea kwenye maji ya kama mita 2, ndivyo vikaimaliza Julai 1915.

"Sasa hilo gemu lako," akasema, "lina kupwa na kujaa?"

"Sijaona, mzee."

"Tope?"

"Halina."

"Mikoko?"

"Hapana."

Akamtazama ami miguuni, akanywa kahawa yake. "Basi aliyelitengeneza hajawahi kutoka na huyu usiku."

Baraza lote likaangua kicheko, na ami mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, nami nikajua nimepona. Kesi ilibaki kwa mama, ambaye hakucheka. Alitoa hukumu kutoka nyuma ya mlango. Hedifoni akazichukua. Na meli zote, kubwa na ndogo, zibadilishwe majina siku ileile. Mji wowote wenye mtu wetu usitumike. Punda nao waachwe, wana wenyewe.

"Nizipe majina gani, mama?"

"Ya vitu ambavyo vikizama tutashukuru."

Ikawa hivyo. Tulikaa naye jioni nzima, yeye akitaja mimi nikiandika: Fitina, Kodi, Kunguni, Husuda, Umeme Umekatika. Ile kruza mpya niliyoijenga badala ya Matondoni, safari hii na deraya ya inchi 10 ubavuni na mbio za kobe, akaiita Deni. Alipenda sana lile jina. Alilirudia mara mbili.

Nacheza bila hedifoni siku hizi, dirisha nimefunga. Lakini wiki ya tatu joto lilizidi, nikalifungua kidogo tu. Saa tisa usiku topido mbili zikaingia, moja mbele moja nyuma, na deraya yangu yote ya inchi 10 ilikuwa juu ya maji, haikunifaa kitu. Nikapiga mayowe, nakiri. "Deni imezama! Yote! Imekwisha!" Nikangoja vilio. Hakuna aliyeamka. Nikasikia mama upande wa pili akisema alhamdulillahi usingizini.

Asubuhi nikatumwa sukari robo. Mwenye duka la pale chini akanitazama kwa muda, akafuta mikono, akatoa lile daftari lake lenye jalada la buluu, akalamba kidole, akafungua ukurasa wangu.

"Nimesikia usiku deni limezama," akasema.

Nikaduwaa.

"Hili langu bado laelea. Elfu mbili mia nne na hamsini."