Mpira wa mlango unaouzwa kwa mita

Jamani, kuna mtu mwenye gari la zamani ambaye mvua ikinyesha halowi miguu? Corolla yangu ni ya 1994. Mpira wa mlango wa dereva umekaushwa na jua la Dar mpaka unamegeka kama ukoko, na mvua ya juzi imelowesha kapeti lote. Sasa gari linanuka uvundo, abiria wanajifanya hawasikii.

Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea za magari. Muuzaji akasema: "Upo bosi, unaingia gari zote!" Ukisikia hivyo, kimbia. Mimi sikukimbia. Nikakatiwa mita nne, ule wenye bati ndani la kung'ata ukingo wa bodi, mnene kama kidole gumba cha fundi mwenyewe. Akaugongea, kwenye kona akamalizia na gundi. Sasa mlango haufungi mpaka niubamize mara tatu; jirani anadhani kila asubuhi nimegombana na mke wangu. Na pale ncha mbili zilipokutana kumebaki mwanya. Maji yanapita hapohapo!

Wa mtumba kutoka Japani, wenye umbo lake, upo. Ila muuzaji hataki kuuchomoa, anataka ninunue na mlango wake. Mlango ninao, ndugu yangu. Nataka mpira.