Rangi ya muhuri ikae shimoni, isikae usoni mwa sabuni

Sabuni iliyogongwa muhuri haihitaji rangi nyingi. Inahitaji rangi mahali pake, na mahali pake ni ndani ya shimo la chapa. Rangi ya dhahabu iliyopakwa juu ya uso wa kipande inapendeza mezani, lakini inaondoka siku ya kwanza bafuni, na sehemu yake anabaki nayo mteja kwenye taulo jeupe. Rangi iliyoko shimoni hudumu mpaka sabuni yenyewe ilike kufikia hapo.

Kazi nyingi huharibika kabla brashi haijaguswa, kwa sababu ya haraka. Sabuni ikiwa laini hunata kwenye muhuri na kung'oka nao. Ikiwa ngumu mno, kingo za chapa hupasuka na kumeguka. Bonyeza pembeni kwa kidole gumba: kibaki kialama kidogo, na kidole kitoke kikavu. Kwa sabuni yenye mafuta mengi ya nazi au mawese, hali hiyo huja siku 1 au 2 tu baada ya kukata. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaotumia mafuta ya pamba kwa wingi tusubiri zaidi, siku 4 au 5, wakati mwingine wiki nzima. Mafuta ya pamba yakizidi hulainisha sabuni, na baadaye huleta yale madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Hakuna urembo unaoyaficha.

Usiiharakishe kwa kuiweka kwenye friji. Hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo sabuni ya baridi ikitoka tu inajaa matone, na unga wa rangi unageuka tope.

Muhuri wenyewe uchongwe kwa kina cha milimita 3 hivi. Fundi aliyezoea mihuri ya ofisini atakuchongea juujuu, kwa kuwa karatasi haidai kina. Mwambie mapema kwamba ni wa sabuni. Mistari isiwe myembamba kuliko milimita 1. Sato mwenye kila gamba lake huonekana vizuri kwenye mchoro, ila kwenye sabuni magamba hujaa rangi yakawa doa moja. Chora umbo la nje, jicho na pezi la mgongoni, basi. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, nalo linatambulika kwa mistari michache tu: jiwe la juu, la chini, na maji.

Njia nyepesi ni ya ukavu. Chovya brashi laini kwenye unga wa ulanga, ule unaouzwa kwa jina la maika, upake kwenye sehemu za muhuri zinazoingia ndani ya sabuni, kisha ugonge muhuri ubavuni ili unga uliozidi udondoke. Weka muhuri, piga mara moja au mbili kwa nyundo ya mpira, uinue wima bila kuutikisa. Unga huo huo unasaidia muhuri usinate. Usipake muhuri mafuta, maana unga utashikana mabonge. Na funga pua kwa barakoa; vumbi hili si la kuvuta.

Njia tunayoipenda zaidi ni ya kupaka na kukwangua. Gonga chapa bila rangi, uache sabuni siku 5 hadi 7 zaidi. Changanya robo kijiko cha chai cha maika na nusu kijiko cha spiriti safi ya isopropili, mbali na jiko. Mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa. Kwa brashi nyembamba, namba 0 au 1, dondosha rangi shimoni na uiache itambae yenyewe. Ikimwagika pembeni usiifute, maana kitambaa kitaisambaza. Ikishakauka, pitisha kisu kilichonyooka juu ya uso wote, ukiondoa utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Hapo ndipo raha yenyewe: uso unatoka safi, na samaki anabaki amechorwa kwa mstari mkali kama wa kalamu. Kukwangua huko kunaondoa pia ule unga mweupe wa magadi unaojitokeza juu ya sabuni changa. Rangi ikipakwa juu ya unga huo, hubanduka nao.

Usitumie maji badala ya spiriti, yanayeyusha sabuni na kingo zinalegea. Spiriti ya kuwashia, yenye rangi ya zambarau, iache kabisa.

Kuhusu rangi zenyewe, kumbuka sabuni ina ukali wa magadi, pH 9 hadi 10. Rangi ya chakula huvuja, ikaacha ukungu kuzunguka chapa. Choya, hata iwe nyekundu namna gani, huishia kahawia. Bizari ya manjano hupauka kwenye mwanga. Bluu ya Prussia hugeuka kahawia, lakini ile ya ultramarini inahimili. Unga laini wa mkaa na oksidi za chuma hazisumbui. Rangi moja kwa kipande inatosha.

Masika, sabuni hutoa jasho kwa sababu gliserini huvuta unyevu. Asubuhi ya mvua usipake. Panga vipande kwenye chekeche, washa feni, na usifunge mpaka vimekomaa wiki 4 hadi 6.

Jambo moja hatulipunguzi: glita ya plastiki isiingie kwenye sabuni. Maji machafu ya mitaa ya Mwanza kama Mabatini yanafuata Mto Mirongo hadi ziwani, na ziwa hilo hilo ndilo tunalovutia maji ya bomba na kuvulia dagaa. Muuzaji akikuambia ni maika, chukua chembe kidogo kwenye kijiko cha chuma, uipashe juu ya moto nje ya nyumba. Maika haiyeyuki. Plastiki hujikunja na kunuka.