Fundi hakupigwa risasi

Kila tarehe 25 Julai nawasha redio mapema. Nasikiliza Siku ya Mashujaa mpaka mwisho: wimbo wa taifa, mizinga, tarumbeta, mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, halafu shoka la wazee wetu. Mwaka mmoja nilitoka hapo nikapanda bodaboda kwenda sokoni, kijana akaanza kunidodosa njiani.

"Mzee, na wewe ulimpiga Amin?"

"Nilikuwepo."

"Ulipoteza mtu?"

Nikamwambia rafiki yangu.

"Alipigwa wapi?"

Nikamjibu kwamba alilaliwa na lori. Akanyamaza kidogo, akakata kona. "Aah," akasema, "kumbe ajali."

Sikumkasirikia. Hilo "kumbe ajali" na mimi nililisema kabla yake, tena kwa njia mbaya zaidi. Nitaeleza.

Tulimwita Fundi. Jina lake halisi lipo kwenye kaburi lake, Kaboya, na hapo linatosha. Kwao ni Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, mimi ni mtu wa Njombe. Baridi ya asubuhi kule Bukoba mimi niliiona ya nyumbani, yeye aliilalamikia kama mtu aliyedhulumiwa. Sindano yake aliichomeka kwa ndani kwenye ukingo wa kofia, na uzi aliuzungushia kijiti cha kiberiti. Kombania nzima ilimpelekea vifungo. Malipo yake yalikuwa sigara, na yeye havuti. Alituuzia sisi wenyewe mwisho wa mwezi, zilipoadimika. Uzi wa kijani ulipomwishia, pale Mutukula mpakani mwa Uganda, alinishonea kifungo cha mfuko wa gwanda kwa uzi mwekundu. Sajenti akaniuliza kama naenda harusini.

Habari za vita yenyewe mnazijua. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin akatangaza kuwa ardhi yote kaskazini mwa mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Hotuba ile inarudiwa kila mwaka, na ni haki yake. Lakini uwezo wenyewe mliwahi kuuona ulivyokuwa? Mimi niliuona. Ulikuwa malori. Malori ya jeshi hayakutosha, yakachukuliwa ya mashirika na ya watu binafsi, mengine pamoja na madereva wake, watu waliozoea kubeba pamba na saruji. Kila risasi iliyofyatuliwa Uganda ilipita kwanza kwenye tope la Kagera juu ya gari la mtu, na watu wamekaa juu ya makasha.

Mutukula tuliitwaa Januari 1979, Masaka Februari. Machi, mvua zimeanza, mimi na Fundi tulipangiwa kusindikiza shehena ya makombora ya mizinga kutoka Mutukula kwenda Masaka. Lori lilikuwa la raia, na dereva raia, mtu wa Mwanza, alikuwa na usiku wa pili bila kulala. Taa zimezimwa, ndiyo amri. Tulikaa juu ya makasha tumefunikwa turubai moja. Neno la mwisho alilonitamkia Fundi ni "Sogeza buti lako." Nikasogeza.

Kona sikuiona. Nilichosikia ni makasha yakisogea, kisha nikawa kwenye migomba, mdomo umejaa majani. Nilipofika kwenye gari lilikuwa limelala ubavu. Yeye alikuwa chini yake.

Vita vilipokwisha nikaenda Bweni. Nilivuka na pantoni nikiwa nimeyapanga maneno. Mama yake akanipokea, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanikalisha barazani. Jeshi lilikwisha kumpa habari kwamba mwanawe amefariki vitani, basi. Akaniuliza ilikuwaje. Maneno yote niliyoyapanga yakaniponyoka, nikamwambia alifia Lukaya, akipambana na Walibya waliotumwa kumsaidia Amin. Yule mama akanyanyua kichwa. Akatikisa, mara mbili, kama mtu aliyelipwa deni.

Nilijiambia nimemtendea hisani. Leo nasema wazi: nilimvunjia heshima rafiki yangu. Nilikiangalia kifo chake nikakiona hakitoshi, nikamwazima kingine.

Walioandika historia ya vita ile wanakiri kwamba askari wetu waliokufa kwa ajali ni wengi kuliko waliouawa na adui. Pale Kaboya, wilayani Muleba, wamelala 619. Nendeni mkawapange nyinyi, huyu wa risasi, huyu wa gari, huyu wa homa. Mimi nimesimama pale na sikuweza. Na hao wanaopanga, nawauliza: mizinga ya Masaka ingepiga nini kama hakuna aliyekaa juu ya makasha gizani? Mtu aliyekubali kupanda lori lile, taa zimezimwa, mvua inanyesha, alikuwa amekwisha kutoa kila alichodaiwa. Kilichobaki ni namna tu.

Uongo wangu, kama mnavyojua uongo, haukukaa pale nilipouacha. Mama amefariki zamani, Mungu amrehemu, lakini ukoo umeukuza. Sasa Fundi amelipua kifaru. Mwaka juzi mtoto wa dada yake alinipigia simu akitaka nimpe maelezo zaidi ya hicho kifaru, anawaandikia watoto wake.

Nikamwambia, mjomba, hapakuwa na kifaru. Nikamsimulia yote, kuanzia kifungo chekundu mpaka migomba. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani salio limekwisha.

"Na dereva," akauliza, "alipona?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza habari za dereva. Alipona. Kulipokucha alikuwa bado ameketi kando ya barabara, kiatu kimoja mkononi, akimuuliza kila askari anayepita kama amekiona cha pili.