Chuo kiko mbali na nini?

Jirani yangu hapa Chanika, pembezoni mwa Dar, mama mwenye genge la mboga pale njia panda, ana binti aliyepata tatizo ambalo wazazi wengi wangelipokea kwa vigelegele: kadahiliwa vyuo viwili. Ualimu wa sayansi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na ualimu wa sayansi Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, aliyepata zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu, na siku hazimsubiri. Juzi jioni nikaitwa, kama anavyoitwa kila mtu wa mtaa aliyewahi kukanyaga chuo. Simu ilikuwa juu ya meza ya genge, katikati ya mafungu ya nyanya.

"Kaka, Mlimani si hapahapa," mama akaanza. "Ataenda na kurudi. Anakula nyumbani, analala nyumbani. Dodoma ni mbali."

Kauli hiyo nimeisikia katika nyumba nyingi, na ina busara kuliko vijana wanavyokubali. Ila ina kosa moja la hesabu, na ndilo lililonikalisha niandike.

Nianze na busara yake. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi si wa kila mtu, na hata aliyeupata haushiki kila siku. Fedha ya chakula na malazi, bumu kama wanavyoiita wenyewe, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku kwa kiwango cha juu. Lakini haiji kwa siku. Huja kwa mafungu ya siku 60 hivi, ina maana kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe anaamka ana laki sita kwenye akaunti. Wapo wanaoimaliza ndani ya wiki tatu. Fungu linalofuata likichelewa, wa nyumbani ataendelea kula ugali wa mama yake wala mtaa hautajua. Wa mbali atapiga pasi ndefu, mlo mmoja hadi kesho yake.

Kuna na maradhi. Mzazi mnayelala paa moja anakuona asubuhi jinsi macho yalivyoiva. Mzazi wa kwenye simu unamwambia "sijambo", naye anaamini kwa sababu hana la kufanya. Na kwa mtoto aliyekosa mkopo kabisa, ambaye ada yenyewe inatoka kwenye mafungu ya mchicha, sina hoja ya kumtoa kwao. Asome akitokea nyumbani, basi.

Sasa hesabu.

Kutoka Chanika hadi Mlimani ni daladala mbili, unapita Gongo la Mboto na Buguruni, unashuka Ubungo, unapanda nyingine ya Chuo. Mwanachuo hana sare, kwa hiyo konda hana habari na uanafunzi wake. Analipa ya mtu mzima. Desemba 2023 nauli ya chini kabisa ya daladala Dar, ile ya njia isiyozidi kilometa 10, ilipandishwa hadi 600. Njia yetu inazidi hapo kwa mbali, lakini tumbebe mama, tuhesabu hiyohiyo 600. Kupanda mara nne kwa siku ni 2,400. Karibu robo ya ile elfu kumi imeondoka na hajala hata andazi. Siku tano kwa wiki, majuma 15 ya vipindi: 180,000 kwa muhula. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa 31,000. Kwenda kufungua na kurudi likizo ni 62,000.

Mama aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, akanimenyea chungwa. Lakini fedha ndiyo sehemu nyepesi.

Sehemu nzito ni saa. Asubuhi, kwa foleni ya Dar, mtu wa Chanika akifika Mlimani kwa saa mbili amshukuru Mungu. Jioni vilevile. Saa nne kwa siku, siku 75 za muhula, ni saa 300. Nilipoitaja namba hiyo hakuna aliyeshtuka, maana saa 300 hazina sura. Basi nikaitafutia sura. Vyuo vyetu hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: vipindi, maabara, kujisomea, mtihani, vyote humohumo. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 60 kwa muhula, yaani saa 600. Daladala inakula 300. Binti huyu atafanya muhula mmoja na nusu kwa mwili wa muhula mmoja, na ile nusu haimo kwenye matokeo. Hakuna alama ya A ya kusimama Buguruni.

Mtu ataniambia anaweza kusoma humo ndani ya gari. Ajaribu. Mkono mmoja uko kwenye bomba, mwingine umeshika begi lisichanwe, kwapa la abiria liko usawa wa pua, na redio inapiga kwa sauti ambayo dereva peke yake ndiye anaifurahia. Humo ukijitahidi sana utasoma maandishi ya nyuma ya kiti.

Na saa zinazopotea ni zile hasa ambazo chuo kinafanya kazi yake. Diskasheni huanza baada ya kipindi cha mwisho. Anayeelewa hesabu za tensa anaelekeza wenzake saa mbili usiku kwenye kibaraza cha hosteli. Maktaba kubwa ya Mlimani iliyofunguliwa 2018 ni nzuri kwelikweli, lakini wa Chanika anaitazama kwa jicho la abiria: saa kumi na moja lazima awe kituoni, la sivyo atafika kwao saa nne. Wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuo kwa kufeli, hawadisko wote kwa ujinga. Wengine wamedisko kwa usafiri, ila kwenye karatasi hakuna sehemu ya kuandika hivyo.

Ndiyo maana nasema mama anapima umbali usio wake. Anapima kutoka genge lake hadi lango la chuo. Umbali wa mwanafunzi ni kutoka kitanda chake hadi darasani, maana huo anautembea kila siku, huku ule wa kwa mama akiutembea mara mbili kwa muhula. Kwa kipimo hicho, mtoto wa Bukoba aliyelala hosteli pale Dodoma yuko karibu na chuo kuliko mtoto wa Chanika anayesoma Mlimani.

"Basi afikie kwa shangazi yake Sinza," akadakia mjomba wa binti, aliyekuwa kimya muda wote. Hili la kufikia kwa ndugu ndilo jibu letu la taifa, na naliheshimu, maana bila hilo wengi wetu tusingesoma. Mimi mwenyewe nilimaliza chuo nikikaa kwa mjomba. Hakunitoza senti, wala hakunisema vibaya hata siku moja. Lakini meza ya kusomea ilikuwa ni ileile ya kulia chakula, na sebule ilikuwa ya televisheni: taarifa ya habari, kisha tamthilia, kisha wageni. Meza ilikuwa yangu kuanzia saa nne na nusu usiku, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuamka kuchota maji, kwa sababu mgeni asiyeamka mapema anasemwa hata kama hasemwi. Kodi niliilipa, ila si kwa shilingi.

Hosteli nazo si peponi. Mlimani, hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kubeba wanafunzi 3,840, zilipunguza adha, lakini chuo kina maelfu wengi zaidi ya hao hata ukijumlisha hosteli ya Mabibo. Neno "kubebana", mwenye chumba kumlaza asiye nacho kwenye kitanda cha mtu mmoja, halikuzaliwa kwenye kamusi. Dodoma kulianza tofauti: chuo cha 2007, kilichochorwa kiwe cha wanafunzi 40,000, kikajengewa mabweni pamoja na madarasa juu ya vilima vilevile. Ukipata kitanda huko, umbali wako ni wa miguu. Jua la adhuhuri kati ya kolegi moja na nyingine ni habari nyingine, lakini halina foleni.

Ila mzazi asiulize tu kama kuna hosteli. Vyuo vingi huwapendelea wa mwaka wa kwanza. Aulize mwaka wa pili watoto hulala wapi, kwa sababu hapo ndipo geto, chumba cha kupanga mtaani, linapoanza: dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi, choo ni cha wapangaji wote, na kwa binti kuna suala la kurudi usiku kwenye kichochoro kisicho na taa. Geto la mbali na chuo nalo ni Chanika nyingine. Hapo upande wangu unapwaya, nakiri. Dodoma iliyo na kitanda mwaka wa kwanza tu ni nusu ya hoja.

Wapo pia wanaosema mtoto akienda mbali anakomaa. Hiyo siitumii. Nimewaona waliokomaa wakiwa jikoni kwa mama zao na waliooza wakiwa mbali. Na wanaosema kukimbilia mbali ni mtindo wa vijana wa siku hizi wamesahau kwamba zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, kijana wa hapa aliyetaka uhandisi alipelekwa Nairobi, na aliyetaka udaktari, mwanzoni, akaenda Makerere. Hakuna aliyemwambia baba yake kuwa ni mbali. Ndiko somo lilikokuwa.

Kuna jambo moja halikusemwa jioni ile, nami sikulisema mbele ya mtoto. Saa kumi alfajiri anayekwenda na mama soko la Ilala kufuata nyanya ni huyo binti. Anayebeba tenga, anayehesabu chenji, anayepanga mafungu kabla wateja hawajaamka ni yeye. "Mbali" katika kinywa cha mama maana yake ni mikono miwili inayoondoka kwenye genge, na genge ndilo lililolipa ada ya sekondari. Huo si uchoyo. Ni hesabu ya kweli kuliko zangu zote za nauli, kwa sababu yangu ni ya muhula na yake ni ya kesho asubuhi. Lakini ukiiweka wazi mezani inajibu swali kwa upande usioutarajia: akibaki, ataamka saa kumi kwa ajili ya nyanya, atapanda gari saa kumi na mbili kwa ajili ya chuo, atarudi saa mbili usiku, na vyombo vya kuosha vitakuwa vinamsubiri. Hapo sioni atakaposoma. Kijana wa kusaidia genge anaweza kutafutwa. Mwaka wa kwanza wa huyu binti hautafutwi tena.

Binti mwenyewe alikuwa anakata karatasi za kufungia bamia, anasikiliza. Nilipomwuliza anataka wapi alisema, "Popote mjomba, mradi nifike darasani nikiwa macho." Mama akamtazama kama aliyesikia jambo jipya.

Namba ilikuwa bado haijaingizwa nilipoaga. Mama alinisindikiza hadi barabarani, na swali aliloniuliza halikuwa la nauli wala la hosteli.

"Maji huko Dodoma yapo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba Dodoma na maji wana historia ndefu ya kugombana. Aende na ndoo mbili, zenye mifuniko.