Kinanda cha Trocadero ndani ya Troxy: nini kirejeshwe, nini kibadilishwe

Desemba 1930, jumba la sinema la Trocadero lilifunguliwa Elephant and Castle, kusini mwa London, likiwa na kinanda cha mabomba cha kiwanda cha Wurlitzer chenye ngazi 4 za vibonyezo na safu 21 za mabomba. Kiwanda hicho cha Marekani hakikuwahi kupeleka Ulaya kinanda kikubwa kuliko hicho. Jumba lilibomolewa mwaka 1963, lakini washabiki waliwahi kukiokoa kinanda. Kikasimikwa katika ukumbi wa chuo pale Borough Road, na baadaye kikahamia Troxy, Stepney, mashariki mwa jiji. Sasa kinalia tena katika jumba linalolingana nacho, na ubishi wa zamani umekuja nacho: kinanda kilichofufuliwa kiwe kilekile cha 1930 hadi waya wa mwisho, au kitiwe vifaa vya leo mradi kipigwe?

Kelele nyingi za ubishi huu zinahusu umeme. Anayekaa ukumbini, hata hivyo, anasikia zaidi hewa, ngozi na ukumbi wenyewe.

Aliyezoea kinanda cha kanisani aanze na tofauti moja kubwa. Mabomba ya kanisani kwa kawaida hupulizwa kwa shinikizo la milimita 75 hadi 100 za maji, yaani kimo ambacho hewa hiyo ingeyainua maji. Ya Wurlitzer hupata milimita 250 hivi, na safu ya tuba, yenye sauti ya nguvu, hufika 380. Ndiyo maana safu chache hujaza jumba la watu 3,000. Tena safu moja hufanyishwa kazi nyingi: badala ya mabomba 61 inaongezewa hadi 97, kisha inaitwa kwa vimo tofauti vya sauti kutoka ngazi yoyote. Mabomba yote yamefichwa katika vyumba vyenye luva nene za mbao, na mpigaji hupandisha au kushusha sauti kwa kufungua luva hizo kwa mguu. Juu ya hayo yote kuna kitetemeshi, kinachoitikisa hewa yenyewe mara sita hivi kwa sekunde.

Rudi kwenye umeme. Kibonyezo cha asili hupeleka mkondo mdogo kwenye rilei, kabati kubwa lenye maelfu ya nyaya nyembamba za fedha zinazogusana ili kuamua bomba lipi la safu ipi lilie. Wahafidhina wanasema rilei ndiyo moyo wa uvumbuzi wa Robert Hope-Jones, Mwingereza aliyetokea kwenye ufundi wa simu, akaenda Marekani mwaka 1903 na kujiunga na Wurlitzer mwaka 1910. Hoja yao yenye uzito zaidi ni ya matengenezo: waya wa fedha unaweza kubadilishwa na fundi yeyote mvumilivu hata baada ya miaka 90, wakati kadi ya kielektroniki ikifa baada ya miaka 25, aliyeitengeneza huenda ameshafunga duka na programu yake haisomeki tena.

Upande wa pili nao una lake. Rilei inakula chumba kizima. Vumbi likiingia na fedha ikififia, noti zinarukwa. Kinanda kikihamishwa, nyaya zake zinakatwa na kuunganishwa upya moja moja, na kila kiungio ni nafasi ya kosa. Mfumo wa kielektroniki unapitisha yote hayo kwa kebo moja nyembamba, na unarekodi vibonyezo vilivyopigwa. Faida hii ya mwisho hupuuzwa. Mpigaji aliye mita 30 kutoka kwenye mabomba husikia noti yake ikiwa imechelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hawezi kujua katikati ya ukumbi panasikikaje. Akirekodi, akashuka na kwenda kukaa kwenye viti huku kinanda kikijipiga, atajua tuba imezidi wapi.

Hapa wa kisasa wana haki zaidi, kwa sababu mkondo wa umeme hauna sauti yake. Masharti ni mawili: rilei ya zamani ihifadhiwe pamoja na lebo zake, na michoro ya mfumo mpya ibaki kwa wenye kinanda, isiwe mali ya fundi peke yake.

Kwenye ngozi, haki inahamia kwa wahafidhina. Sumaku-umeme ya bomba ikipata mkondo na kuvuta kisahani chake cha chuma, hewa hutoka kwenye mvukuto mdogo wa ngozi, mvukuto unasinyaa, unavuta vali, na bomba linalia. Kwa safu 21 hizo ni vali zaidi ya elfu moja. Ngozi ikianza kuvuja, noti inachelewa, kisha inakufa. Moshi wa makaa ya mawe wa miji kama London uliila ngozi hadi ikawa unga mwekundu. Miaka ya 1960 baadhi ya mafundi walijaribu plastiki badala yake, nayo ilipasuka mapema kuliko ngozi waliyoidharau. Uchafu ukikaa chini ya kisahani, kinyume chake hutokea: noti inang'ang'ania kulia. Mpigaji hana la kufanya ila kuizima safu hiyo na kuendelea na zilizobaki, huku fundi akikimbilia chumbani kulichomoa bomba.

Hewa ndiyo ngumu kuliko vyote, na hapa neno “asili” linapwaya kwa pande zote mbili. Mtikisiko wa kitetemeshi hautegemei kifaa hicho tu. Unategemea pia wingi wa hewa iliyo kati yake, mvukuto unaodhibiti shinikizo na sanduku lililobeba mabomba. Kinanda kikihamia jengo lingine, mifereji ya hewa inarefushwa au kupindwa, na kitetemeshi kilekile kinaanza kupwita kwa uzito au kwa wasiwasi. Kinachobaki ni kuongeza na kupunguza uzani na kurekebisha vali hadi sikio likubali. Jaribu la kushusha shinikizo ili mabomba yasilie kwa ukali likataliwe kabisa: mabomba hayo yalitengenezwa kwa shinikizo lao, na wakati wa kupunguza ukali kuna luva.

Ukumbi, kwa bahati, ni wa ukoo mmoja. Trocadero na Troxy, iliyofunguliwa 1933, zote zilichorwa na George Coles kwa ajili ya ndugu wa familia ya Hyams. Ila Troxy ya leo ni ukumbi wa hafla, na viti vya chini hupangwa au kuondolewa kulingana na shughuli. Viti vya sofa vikiwa havipo, hakuna cha kunyonya mwangwi. Noti moja inaifuata nyingine kabla haijafa, na mtikisiko unageuka ukungu. Mpigaji mjuzi hukata noti fupi zaidi, hupunguza mwendo na huzima kitetemeshi kwenye sauti nzito. Msikilizaji naye atafute safu za mbele za roshani. Chini ya roshani sauti nyembamba hupotea.

Halafu kuna joto, adui anayesahaulika. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inapandisha mabomba ya filimbi karibu senti 3, yaani sehemu tatu za mia za nusu toni. Yale yenye ulimi wa shaba hayafuati kwa kiasi hicho. Taa na umati vikiongeza nyuzi 5 vyumbani, makundi hayo mawili yanagombana waziwazi. Kwa hiyo kinanda hutyuniwa kukiwa na joto lilelile la onyesho, ukumbi ukiwa kimya, kwa saa kadhaa mfululizo, saa ambazo mwenye ukumbi angezikodisha kwa harusi au tamasha. Ziwekwe kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na gharama ya kupasha moto jengo tupu.