Nyonga Ilijaribiwa Mezani, Tuandikieni Mlichokiona

Mama yangu mkubwa aliteguka nyonga bandia akiwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Ilikuwa nyumbani kwake Newala, wiki ya tano tangu atoke hospitali. Aliinama kuchukua kizio cha pili, goti likaingia kwa ndani, akasikia kitu kimeruka, na mguu ukamkatalia pale pale. Ulikuwa umefupika na kugeukia ndani. Majirani walimbeba pamoja na godoro lake hadi kwenye gari.

Karatasi aliyotoka nayo hospitali ilikuwa na mstari mmoja: nyonga ya kulia imebadilishwa, hali nzuri. Basi.

Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Mtwara, kwa hiyo mstari ule uliniuma kuliko ulivyowauma wengine nyumbani. Najua kwamba kabla jeraha halijashonwa, daktari huwa ameshajiuliza maswali mawili na kuyapatia majibu. Je, vyuma vimeshika kwenye mfupa? Na je, kiungo kitakaa mahali pake mtu akikunja mguu, akigeuka, akiinama? Majibu hayo anayapata kwa mikono yake, kwa dakika chache, na mara nyingi yanaishia humo humo chumbani. Mimi nasema yarudi nyumbani na mgonjwa, yakiwa yameandikwa na yamesemwa kwa mdomo.

Nieleze kinachofanyika, maana wengi hudhani upasuaji ni kisu tu. Wa nyonga ni nyundo. Kichwa cha fupa la paja kilichoharibika kikishakatwa, tupa za kuchonga uwazi ndani ya mfupa hugongwa moja baada ya nyingine, ndogo kwanza, kisha kubwa zaidi. Mgeni chumbani hushtushwa na makelele, lakini sisi tuliozoea tunausikiliza mlio. Tupa ikiwa bado haijabana, mlio ni mmoja. Ikikaa sawasawa mlio hubadilika, na hata ukigonga haizami tena. Hapo daktari hushika mpini wake na kujaribu kuizungusha. Ikizunguka yenyewe, ni ndogo. Ikizungusha paja zima, imeshika. Kwa kikombe kinachowekwa kwenye nyonga ni vivyo hivyo: akikisukuma kwa kishikio chake, kiuno chote cha mgonjwa kinatakiwa kitikisike pamoja nacho. Kikicheza peke yake, huongezwa skrubu au hubadilishwa saizi. Aliyewahi kutia mpini kwenye jembe anayaelewa haya bila kufundishwa.

Ugumu uko kwenye udogo wa kinachotafutwa. Tangu daktari wa upasuaji John Charnley alipoanza kubadilisha nyonga kwa njia yake kule Uingereza mwaka 1962, vyuma vingi vimeshikizwa kwa saruji ya mfupa. Visivyotumia saruji vinategemea mfupa uote kwenye uso wake wenye matundu madogo. Shina la chuma, yaani kile kipande kinachoingizwa ndani ya fupa la paja, likicheza kiasi cha mikroni 150 kila mtu anapokanyaga, yaani kama unene wa nywele mbili, panaota utando unaofanana na kovu badala ya mfupa, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa anaanza kulalamika kwamba paja linauma kila anaponyanyuka kutembea. Hakuna jicho linaloona nywele mbili ndani ya mfupa. Na daktari akiongeza kugonga ili apate uhakika, fupa la paja linaweza kupata ufa. Wazee wetu wana mifupa iliyolainika. Vijana wenye selimundu, au sikoseli kama tunavyoizoea, ambao kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu, mara nyingine uwazi wa ndani ya mfupa wao ni mwembamba na mgumu kiasi kwamba tupa inaweza kutoboa ukuta. Mkono huo huo unatakiwa ujue kuacha.

Watafiti wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, wamejaribu kuupima mtikisiko wa shina wakati likigongwa: grafu ya mtikisiko ikiacha kubadilika, wanaacha kugonga. Natamani kifaa cha namna hiyo kifike kwetu Kusini. Lakini kalamu tunayo tayari.

Jaribio la pili ndilo lililomhusu mama mkubwa. Daktari huweka kichwa cha majaribio juu ya shina, hurudisha kiungo, kisha hukunja paja hadi nyuzi 90 na kulizungushia ndani, taratibu, akiangalia ni wapi kichwa kinaanza kutaka kutoka. Hunyoosha mguu na kuuzungushia nje. Huuvuta. Hulinganisha urefu wa miguu yote miwili. Akiona kimelegea, anaweza kubadilisha shingo au kuweka kichwa kikubwa zaidi, kwa sababu kichwa cha milimita 36 kina safari ndefu zaidi ya kuruka nje kuliko cha 28. Yote haya yanajulikana kabla ya uzi wa kwanza.

Sasa fikiria maisha yetu yanavyokaa chini. Mbuzi ya nazi. Mkeka. Kigoda cha jikoni. Choo cha kuchuchumaa. Kuokota korosho chini ya mti kuanzia asubuhi. Kikao cha kwenye swala. Karibu kila kimoja kinaipeleka nyonga kupita nyuzi 90. Daktari anayejua kwamba kiungo alichokiweka kinaanza kutoka kikipita hapo, halafu anaandika "hali nzuri", amemwachia mgonjwa agundue mwenyewe.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba maelezo kama hayo yanamtisha mgonjwa, tena mzee wa kijijini hatayaelewa. Sikubali. Mama mkubwa amelima korosho maisha yake yote na anajua tawi lipi litambeba na lipi halitambeba. Na hata angekuwa haelewi, yuko tabibu wa kituo cha afya atakayempokea akiwa na maumivu, mamia ya kilomita kutoka kwa aliyemfanyia upasuaji. Huyo anahitaji kujua kama palitumika saruji, kichwa ni cha saizi gani, kama palitokea ufa ukafungwa waya, na kiungo kilivumilia hadi wapi. Ni mistari minne. Haichukui muda mrefu kuliko kuhesabu vitambaa vya kufutia damu kabla ya kushona.

Nyonga yake ilirudishwa bila kupasuliwa tena, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari aliyeirudisha aliijaribu pale pale chini ya eksirei, na mimi nikamwomba aandike. Alichukua kalamu bila kubisha. "Chuma kimeshika vizuri kwenye mfupa. Inateguka ikikunjwa kupita 90 na goti likiingia ndani. Asikae chini, asichuchumae, alale na mto katikati ya miguu." Kisha akamsomea, na mama mkubwa akamuuliza kuhusu mbuzi. Wakaongea kuhusu mbuzi kwa dakika nzima.

Kijana wake amempandishia mbuzi juu ya benchi, na chooni pamewekwa kiti chenye tundu. Ile karatasi ameitia kwenye mfuko wa nailoni, anaitunza ndani ya kopo moja na stakabadhi zake za korosho.